Kutambua Aina za Kuku Wadogo

Tuseme mezani pako kuna kuku wawili. Umempima kila mmoja kwa mizani, ukaona kwamba kila mmoja ana uzito wa gramu 500, yaani nusu kilo. Kuku wa kwanza bado analia kwa sauti ya kifaranga. Upanga wake ni mdogo na rangi yake imefifia. Kuku wa pili ana upanga mwekundu sana, na asubuhi hii ametaga yai. Je, kuku hao ni wa aina moja?

Mizani haiwezi kujibu swali hilo. Kuku wa kwanza ni mtoto wa aina kubwa. Akitunzwa vizuri, baada ya miezi michache atafikia kilo mbili au zaidi. Kuku wa pili amekwisha kukua. Hata ukimpa chakula kingi namna gani, atanenepa tu, wala hatakuwa kuku mkubwa. Huyo ni kuku wa aina ndogo, aitwaye bantamu.

Katika somo hili utajifunza namna ya kutambua aina mbalimbali za bantamu. Utaona pia kwamba mtu anayetazama alama moja tu hukosea mara nyingi, na kwamba anayetazama alama kadhaa kwa utaratibu hukosea mara chache.

Bantamu ni kuku gani?

Katika kisiwa cha Java, nchini Indonesia, kuna mji wa bandari uitwao Banten. Zamani mabaharia wa Ulaya walitia nanga hapo kununua pilipili na bidhaa nyingine. Huko walipata kuku wadogo, wakawaita kwa jina la mji huo. Baadaye jina hilo lilienea, likatumika kwa kuku wote wa aina ndogo, hata wale ambao asili yao haikuwa Java.

Bantamu wamegawanyika katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni bantamu halisi. Hawa hawana ndugu wakubwa wa aina yao. Aina yote ni ndogo. Fungu la pili ni bantamu waliofanywa wadogo kutokana na aina kubwa. Wafugaji walichagua wazazi wadogo kizazi baada ya kizazi, na mara nyingine waliwachanganya na bantamu halisi. Kwa kawaida bantamu wa fungu hili huwa na uzito wa robo moja au sehemu moja ya tano ya uzito wa ndugu zao wakubwa.

Kiwango cha aina

Wafugaji wa nchi mbalimbali hupeleka kuku wao kwenye maonyesho ili washindanishwe. Lakini mwamuzi atajuaje kwamba kuku fulani ni mfano mzuri wa aina yake? Anahitaji maelezo ambayo watu wote wamekubaliana juu yake. Maelezo hayo huitwa kiwango cha aina. Kitabu cha kwanza cha viwango vya kuku kilitolewa Uingereza mwaka 1865. Wafugaji wa Marekani walitoa kitabu chao mwaka 1874.

Kiwango hueleza umbo la mwili, kichwa, manyoya, miguu, mkia, rangi na uzito wa kuku kamili wa aina hiyo. Mwamuzi hashindanishi kuku na jirani yake tu. Humlinganisha kila kuku na maelezo ya kiwango, kisha humpa maksi kwa kila sehemu ya mwili. Wewe pia utafanya hivyo, ila shabaha yako haitakuwa kutoa tuzo. Shabaha yako itakuwa kutaja jina lililo sahihi.

Sehemu za kuchunguza

Mchunguzi mzuri hufuata utaratibu ule ule kila mara, ili asisahau sehemu yoyote. Fuata utaratibu huu:

1. Tazama umbo akiwa amesimama. Usimkamate kwanza, kwa maana kuku aliyeshikwa hujikunyata. Je, mwili wake ni wa mviringo kama mpira? Mkia umesimama wima au umelala?

2. Tazama upanga, yaani nyama nyekundu iliyo juu ya kichwa. Upanga wa meno ni mwembamba, umesimama, na una meno kama ya msumeno. Upanga wa waridi ni mpana, umejaa vijipele vidogo, na nyuma yake huishia kwa ncha moja.

3. Tazama ndewe, yaani sehemu ya ngozi iliyo chini ya tundu la sikio. Ni nyekundu au nyeupe? Ni ndogo au kubwa?

4. Tazama uso. Kuku wengine wana kichaka cha manyoya chini ya mdomo na mashavuni. Kichaka hicho huitwa ndevu.

5. Tazama miundi. Muundi ni ile sehemu nyembamba ya mguu iliyo juu ya vidole. Je, ina magamba matupu, au imefunikwa na manyoya? Ni mirefu au mifupi? Ina rangi gani?

6. Tazama unyoya mmoja mmoja. Je, una rangi moja tu, una madoa, au umezungukwa na ukingo wa rangi nyingine?

7. Mwisho mpime uzito.

Kwa nini rangi na uzito havikuwekwa mwanzo? Kwa sababu hivyo hudanganya. Aina moja inaweza kuwa na rangi nyingi, na rangi moja inaweza kuonekana katika aina nyingi. Uzito nao hubadilika kwa umri, chakula na maradhi. Lakini umbo la upanga halibadiliki kuwa umbo jingine kwa sababu ya chakula. Mwaka 1902 mwanasayansi William Bateson wa Uingereza alionyesha kwamba kuku hurithi umbo la upanga kutoka kwa wazazi wake kwa kufuata kanuni maalumu. Sifa ya namna hiyo ndiyo inayofaa kutegemewa.

Aina sita za bantamu

Sasa soma maelezo ya aina sita. Zote ni bantamu halisi, isipokuwa majina yao ya kigeni yasikutishe.

Sebright. Aina hii ina jina la Sir John Sebright, Mwingereza aliyeianzisha mwanzoni mwa karne ya 19. Kila unyoya wake ni wa rangi ya dhahabu au ya fedha, na umezungukwa na ukingo mwembamba mweusi. Upanga wake ni wa waridi. Miundi haina manyoya, na ina rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu. Jogoo ana uzito wa gramu 620 hivi, na mtetea gramu 510. Jambo la ajabu ni kwamba jogoo wa Sebright ana manyoya kama ya mtetea. Hana yale manyoya marefu ya mkia yaliyopinda kama mundu, wala manyoya ya shingo yaliyochongoka. Mtu asiyemjua humwita mtetea, mpaka atakaposikia anawika!

Rosecomb. Jina hili maana yake ni upanga wa waridi. Ni aina ya zamani sana nchini Uingereza. Ndewe zake ni nyeupe, kubwa na za mviringo. Anayejulikana zaidi ni mweusi, na juani manyoya yake hung'aa rangi ya kijani. Jogoo ana mkia mkubwa wenye manyoya mapana yaliyopinda. Miundi haina manyoya.

Pekin. Aina hii ilifika Uingereza kutoka Beijing, China, yapata mwaka 1860. Mwili wake ni wa mviringo kama mpira, na manyoya yake ni mengi na laini. Manyoya hufunika miundi na vidole, hata miguu haionekani. Upanga wake ni wa meno. Akisimama huinama mbele kidogo, hivyo mkia huwa juu kuliko kichwa. Jogoo hazidi gramu 680 hivi, ingawa kwa macho huonekana mzito zaidi.

Chabo. Aina hii ni ya Japani. Miguu yake ni mifupi sana, na ncha za mabawa hugusa ardhi. Mkia wake ni mkubwa, umesimama wima, na hupita juu ya kichwa. Upanga wake ni wa meno, na kwa jogoo ni mkubwa sana. Miundi haina manyoya. Jogoo ana uzito wa gramu 510 hadi 600.

Barbu d'Anvers. Aina hii ni ya Ubelgiji. Neno la kwanza la jina lake ni la Kifaransa, na maana yake ni mwenye ndevu. Ana ndevu nene, upanga wa waridi, na miundi isiyo na manyoya.

Barbu d'Uccle. Hii pia ni ya Ubelgiji. Ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 huko Uccle, karibu na Brussels. Ana ndevu kama ndugu yake, lakini upanga wake ni wa meno, na miundi na vidole vimefunikwa na manyoya.

Ufunguo wa kutambulisha

Wanasayansi hutumia ufunguo ili wasisome maelezo yote kila wanapotaka kutambua kiumbe. Ufunguo ni mfululizo wa maswali. Kila jibu hukupeleka kwenye swali jingine, au hukupa jina. Tumia ufunguo huu kwa aina sita ulizosoma.

1. (a) Miundi na vidole vina manyoya: nenda Na. 2.
(b) Miundi haina manyoya: nenda Na. 3.

2. (a) Ana ndevu: Barbu d'Uccle.
(b) Hana ndevu: Pekin.

3. (a) Upanga ni wa meno, miguu ni mifupi sana, mkia umesimama wima: Chabo.
(b) Upanga ni wa waridi: nenda Na. 4.

4. (a) Ana ndevu: Barbu d'Anvers.
(b) Hana ndevu: nenda Na. 5.

5. (a) Kila unyoya umezungukwa na ukingo mweusi: Sebright.
(b) Unyoya hauna ukingo, na ndewe ni kubwa na nyeupe: Rosecomb.

Hakikisha kabla ya kutaja jina

Hebu tujaribu ufunguo wetu. Tuseme umeletewa mtetea mmoja. Miundi yake haina manyoya. Upanga wake ni wa waridi. Hana ndevu. Manyoya yake ni ya rangi ya fedha, na kila unyoya una ukingo mweusi. Ukifuata ufunguo, utafika Na. 5(a), nawe utasema, "Huyu ni Sebright."

Lakini ngoja kwanza. Rudi kwenye maelezo ya Sebright, umlinganishe na kuku uliye naye. Miundi ya mtetea huyu ni ya manjano, wala si ya buluu na kijivu. Ndewe zake ni nyekundu. Mizani inaonyesha kilo 1.2, yaani zaidi ya mara mbili ya uzito wa Sebright. Kwa hiyo huyu si Sebright. Ni bantamu wa Wyandotte, aina ya Marekani ambayo ina kuku wakubwa na wadogo.

Je, ufunguo ulikuwa na kosa? La. Ufunguo hujua kuku sita tu, na Wyandotte hakuwamo. Ukiutumia kwa kuku asiyekuwamo, utakupa jina la uongo bila kusita. Hata kuku wa kienyeji mwenye miguu mifupi na mkia uliosimama angeitwa Chabo, ingawa wazee wake hawakutoka Japani. Ndiyo maana mwanasayansi hatosheki na jibu la kwanza. Akishapata jina hurudi kwenye maelezo kamili, na alama moja ikikataa, huanza tena.

Kiwango na uhai wa kuku

Sasa tutazame jambo moja ambalo kila mfugaji wa Chabo hana budi kulijua. Kiwango cha Chabo hutaka miguu mifupi sana. Kuku wa Chabo mwenye miguu mirefu hashindi katika maonyesho. Kwa hiyo mfugaji anaweza kufikiri hivi: "Nitaweka jogoo mwenye miguu mifupi na mitetea yenye miguu mifupi, nami nitapata vifaranga wenye miguu mifupi tu." Mawazo hayo yanaonekana kuwa sawa. Lakini mayai yake hayakubali.

Ufupi wa miguu ya Chabo hutokana na chembe ya urithi iitwayo jeni. Kifaranga akipokea jeni ya ufupi kutoka kwa mzazi mmoja tu, huwa na miguu mifupi. Asipoipokea kabisa, huwa na miguu mirefu. Lakini akiipokea kutoka kwa baba na pia kutoka kwa mama, hufa ndani ya yai kabla ya kuanguliwa.

Tuseme mfugaji ana mayai 20 yenye mbegu, na wazazi wote wawili wana miguu mifupi. Anaweza kutazamia kwamba mayai kama 5 yatakufa kwa sababu hiyo, vifaranga kama 10 watakuwa na miguu mifupi, na kama 5 watakuwa na miguu mirefu. Sasa tuseme mzazi mmoja ana miguu mifupi na mwingine ana miguu mirefu. Katika mayai 20 atatazamia vifaranga kama 10 wenye miguu mifupi na kama 10 wenye miguu mirefu. Hakuna yai litakalokufa kwa sababu ya jeni hiyo.

Linganisha hesabu hizo mbili. Vifaranga wenye miguu mifupi ni kama 10 katika njia ya kwanza, na ni kama 10 vilevile katika njia ya pili. Mfugaji wa njia ya kwanza hakuongeza hata mmoja. Amepoteza mayai matano bure. Hesabu halisi inaweza kuzidi au kupungua kidogo, kama vile ukirusha sarafu mara 20 usivyopata vichwa 10 hasa kila siku. Lakini ukihesabu mayai mengi, tofauti huonekana wazi.

Basi kuku wa Chabo mwenye miguu mirefu, ambaye mwamuzi hampi tuzo, ana thamani kubwa nyumbani kwa mfugaji. Kiwango hutusaidia kutaja jina la kuku. Hakituambii kwamba kuku asiyefanana nacho hafai.

Kuku wa nyumbani kwetu

Huna haja ya kusafiri hadi Uingereza au Japani ili ujifunze kuchunguza. Kuku wa kienyeji wa Tanzania nao wana alama zinazowatambulisha. Kishingo hana manyoya shingoni. Kidimu ana manyoya yaliyojikunja kuelekea nje. Kuchi ni mrefu, ana miguu mirefu yenye nguvu. Ching'wekwe ana umbo dogo. Kuku hawa hawakufugwa kwa ajili ya maonyesho, lakini macho yanayotambua Pekin na Sebright ndiyo yanayoweza kuwatambua na hawa. Watazame kwa utaratibu ule ule: umbo, upanga, ndewe, uso, miundi, manyoya, kisha uzito.

Kazi ya vitendo

Chagua kuku watano wa nyumbani kwenu au wa jirani. Omba ruhusa kwa mwenye kuku kwanza. Usiwafukuze, wala usimshike kuku anayeatamia. Chora jedwali katika daftari lako, uandike sehemu saba za kuchunguza na ulichokiona kwa kila kuku. Kisha tunga ufunguo wa kuwatambulisha kuku hao watano. Mpe mwenzako ufunguo huo bila kumwambia majibu. Akishindwa kumtambua kuku mmoja, tafuta swali lililokuwa na kasoro, ulisahihishe. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni.

Maswali

1. Kwa nini uzito peke yake hauwezi kutuonyesha kwamba kuku ni bantamu?

2. Eleza tofauti kati ya bantamu halisi na bantamu waliofanywa wadogo kutokana na aina kubwa.

3. Tumia ufunguo kutambua kuku hawa:
(a) Mweupe, miundi ina manyoya, upanga wa meno, hana ndevu, mwili wa mviringo.
(b) Mweusi, miundi haina manyoya, upanga wa waridi, hana ndevu, ndewe kubwa nyeupe.
(c) Miundi haina manyoya, upanga wa waridi, ndevu nene.

4. Mtu mmoja alimnunua Sebright akidhani ni mtetea. Baada ya siku mbili kuku huyo aliwika. Ni alama gani zilizompoteza mnunuzi?

5. Mfugaji ana mayai 40 ya Chabo yenye mbegu. Wazazi wote wana miguu mifupi. Anaweza kutazamia kupoteza mayai mangapi kwa sababu ya jeni ya ufupi? Mshauri afanye nini mwakani.

6. Rafiki yako amefuata ufunguo akapata jina. Anataka kuliandika mara moja katika daftari. Utamwambia afanye nini kwanza, na kwa sababu gani?